Mbege ikiwa na ladha mbaya kuna sababu, tuitafute

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua na naomba msinikate sana maana jambo lenyewe ni refu. Kuna msomaji mmemchapisha hapa karibuni anasema mbege, hii pombe yetu ya ndizi na ulezi, na pombe zote za kupika nyumbani zina ladha mbaya kwa asili yake, ndo zilivyo, anayekunywa avumilie au akanunue bia ya chupa. Sikubali hata kidogo. Mimi ni mpika mbege hapa Moshi, mama yangu alipika, bibi yangu alipika, na nawaambia wasomaji wenu kwamba mbege iliyopikwa vizuri hainuki siki, haiwashi koo na haina ladha ya dawa ya hospitali. Ukikuta hayo ujue kuna mahali pameharibika, na hapo mahali panatafutika, panapatikana na panarekebishika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, mama wa watu anapika pipa lake, linaharibika, wateja wanaondoka, alafu maneno yanaanza, mara mkono wake mbaya, mara jirani ana kijicho, mara kuna mtu amepita na mguu mbaya wakati anachuja. Anahangaika kutafuta nani kamfanyia na wiki ijayo anapika vilevile kwa maji yaleyale kwenye pipa lilelile na inaharibika tena. Na hii tabia ina hatari kuliko hasara ya pipa moja. Mwezi wa kwanza mwaka 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu walikunywa pombe ya kienyeji msibani wakafa 75, na mama aliyeipika naye akafa. Neno lililosambaa haraka kabisa likawa kwamba kuna mtu ametia nyongo ya mamba. Nyongo ya mamba! Wataalamu walipochunguza wakakuta ni unga wa mahindi ulioharibika, umeingiwa na bakteria anaitwa Burkholderia gladioli anayetoa sumu kali ambayo haifi hata ukiichemsha. Hakuna aliyemwekea mwenzake kitu, ni unga tu. Sasa kama mtu angeangalia unga wake kwanza badala ya kuangalia majirani si ingekuwa afadhali.

Kwa wale wasioijua mbege niseme kwa kifupi inavyopikwa, maana bila hivyo hamtanielewa. Ndizi mbivu zinamenywa zinachemshwa masaa mengi mpaka zinakuwa nyekundu, zinapoa, zinakaa kwenye pipa siku kadhaa zinachacha, alafu zinachanganywa na maji na kuchujwa. Pembeni ulezi umelowekwa, umeoteshwa umefunikwa na majani ya mgomba, umeanikwa juani na kusagwa, hicho ndo kimea, kinapikwa uji unaoitwa mso pamoja na gome la msesewe ambalo linatoa ule uchungu. Uji ukipoa unaunganishwa na maji ya ndizi, inalala, kesho yake inanywewa. Kwa hiyo kuna maji, kuna ndizi, kuna ulezi, kuna gome, kuna vyombo, kuna joto na kuna hewa. Ladha mbaya lazima imeingilia kwenye mojawapo ya hayo, hakuna mlango mwingine.

Nianze na ladha ya dawa maana ndo inayowachanganya watu kuliko zote. Jirani yangu mmoja alihamia mjini kutoka Kibosho, kule juu alikuwa anasifiwa, kufika mjini mbege yake ikaanza kuwa na ladha kama plasta ya kidonda, au ile harufu unayokutana nayo ukiingia wodini. Ndizi anatoa kulekule, ulezi uleule, msesewe uleule. Watu wakasema ameacha baraka kwao. Mimi nina mtoto wa dada yangu yuko Minneapolis Marekani, yeye anapika bia ya shayiri gereji kwake, ananiita mama mdogo, nikampigia WhatsApp nikamweleza, hakumaliza hata kunisikiliza akasema mama mdogo hiyo ni klorini, ile dawa ya kusafishia maji ya bomba, muulize anatumia maji gani. Na kweli kule juu alikuwa anachota maji ya mfongo, ule mfereji wa kutoka mlimani, anachemsha, mjini anafungulia bomba anamimina moja kwa moja kwenye ndizi wakati wa kuchuja. Klorini ya maji ya bomba peke yake haina shida sana mdomoni, lakini ikikutana na vile vitu vya asili vilivyomo kwenye nafaka, magome na vile chachu inavyotengeneza, inazaa kitu kipya ambacho ulimi wa mtu unakisikia hata kikiwa kidogo kupita kiasi, ukichanganya tone kwenye pipa zima utalisikia. Ndo maana huwezi kuifunika kwa sukari wala kwa chochote.

Dawa yake ni rahisi mno. Chemsha maji yote, sio yale ya kupikia tu, hata ya kuchanganyia na kuchujia, yachemke sufuria ikiwa wazi, au yaache usiku mzima kwenye ndoo pana bila mfuniko wa kubana, weka kitambaa tu. Angalizo, kuna miji duniani wanatia aina nyingine inaitwa kloramini, hiyo haiondoki kwa kulaza, huko Marekani wanatumia vidonge vya metabisalfaiti, kidonge kimoja kinatosha kama lita 75. Na msisahau jiki. Wengi tunaosha mapipa kwa jiki, ni sawa kabisa, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji, iache dakika 20, ila usiposuuza kwa maji yaliyochemka hiyo klorini inabaki kwenye pipa na utaonja dawa hata kama maji yako ni ya mvua.

Sasa siki. Hapa niombe tuwe makini kwa sababu mbege ina uchachu wake na huo sio ubovu. Kuna uchachu mzuri, ule wa maziwa ya mgando, mtulivu, unausikia ulimini lakini ukinusa hauna harufu kali, huo unaletwa na bakteria wa asidi laktiki na pombe nyingi za Afrika zinao na ndo unazifanya ziburudishe. Kuna uchachu mwingine unakupiga puani kabla hujafikisha kata mdomoni, huo ni siki, na siki inaletwa na bakteria ambao hawawezi kufanya kazi bila hewa. Wanakula kileo chako wanakigeuza asidi. Wanafikaje? Angalia wale nzi wadogo wadogo wa matunda wanaozunguka ndizi zilizoiva sana, wanawabeba miguuni. Pipa likiwa wazi au limejaa nusu na juu kuna hewa tupu, na kila mteja anachovya kata anakoroga hewa inaingia, jioni umekwisha. Funika kwa kitambaa safi kilichofumwa vizuri wakati inachacha na kutoa povu, ikitulia funika vizuri zaidi, hamishia kwenye vyombo vidogo vilivyojaa mpaka juu, toa ya kuuza kidogo kidogo badala ya kufungua pipa kubwa kutwa. Mbege haitakaa wiki, sijasema hivyo, ni pombe ya siku moja mbili na ndo maumbile yake, lakini ikiwa siki siku ileile uliyoifungua hiyo sio maumbile.

Na kwa nini nasisitiza hewa? Kwa sababu mwanzoni kabisa chachu yenyewe inapenda hewa ili izaliane, kwa hiyo kukoroga siku ya kwanza sio kosa, kosa ni kukoroga baadaye. Watu wengi wamesikia nusu ya hiyo habari.

Kuwasha koo na kuumwa kichwa. Hapa wanaume huwa wanasema ndo kali yenyewe, pombe nzuri hii, hapana jamani. Chachu inapofanya kazi kwenye joto kubwa inatoa vileo vizito vinavyochoma koo kama spiriti, na harufu kali kama ya rangi ya kucha. Mpika bia ya shayiri anataka chachu yake ya kawaida ifanye kazi kwenye nyuzi 18 mpaka 22 hivi, na zile bia nyepesi za viwandani zinachachishwa kwenye nyuzi 8 mpaka 13. Juu huku mlimani usiku kunapoa kwahiyo tunapona bila kujua kwa nini, lakini ndugu zetu wanaopika Dar es Salaam chumba kina nyuzi 30, na pipa lenyewe likichacha linajipasha, ndani panakuwa na joto kuliko chumba. Weka ndoo kwenye karai la maji, tumbukiza chupa za maji yaliyogandishwa, badilisha asubuhi na jioni. Kitambaa chenye maji juu ya ndoo kinasaidia sana sehemu kavu kama Dodoma, Dar hakisaidii hivyo kwa sababu ya unyevu wa hewa. Na msipike kipindi cha joto pipa kubwa kuliko mnavyoweza kulipoza, bora mawili madogo.

Ladha ya kuvunda, ile ya gunia lililolowa au nyumba iliyofungwa muda, hapo naomba kila mtu asimame kabisa. Hiyo ni ukungu na mara nyingi imetoka kwenye kimea. Ulezi umeoteshwa, mvua zimekuja, haukukauka vizuri, ukafungiwa kwenye mfuko ukiwa na unyevu. Baadhi ya ukungu unatoa sumukuvu, ile aflatoksini, na kuchemsha hakuiondoi, sijui kwa nini watu wanaamini moto unamaliza kila kitu. Kenya mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, mahindi yenye sumukuvu yaliugulisha watu 317 na 125 wakafa. Kwetu Tanzania mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyohiyo. Mahindi ni mahindi na ulezi ni ulezi lakini ukungu hauchagui sana. Kwa hiyo kimea ukikiona kina madoa ya kijani au meusi, au ukikisugua mkononi kinanuka vumbi la uvundo, usikionje, usikichanganye na kizuri ili kipungue, kitupe. Hasara ya debe moja unailipa. Anika juu ya turubai au chanja, sio chini kwenye udongo, na kisiende mashine mpaka ukikitafuna kinakatika kwa mlio.

Wanaotumia mtama badala ya ulezi niwaongezee hapa, ile miche na mizizi ya mtama ulioota ina kitu kinachotoa sayanaidi, ikaushe vizuri alafu isugue itoke kabla ya kusaga.

Harufu ya matapishi, samahani kwa lugha lakini ndo inavyonuka, au siagi iliyooza kabisa, hiyo inakuja pale nafaka iliyolowa imekaa na joto bila hewa, kwa mfano ulezi umelowekwa siku nyingi maji hayabadilishwi, au uji umeachwa wa vuguvugu usiku kucha haujachanganywa. Kuna bakteria wanapenda hapo hapo tu. Badilisha maji ya kulowekea asubuhi na jioni, na uji ukishaiva upoze haraka, usiuache unapoa wenyewe kwenye sufuria kubwa mpaka kesho. Uteute, ile pombe ukimimina inavutika kama mlenda, hiyo nayo ni bakteria, na chanzo chake karibu kila mara ni chombo. Plastiki iliyokwaruzwa. Tunachukua stili waya tunasugua pipa mpaka linang'aa tunafurahi, kumbe kila mkwaruzo ni nyumba ya bakteria ambayo brashi haifiki tena. Tumia kitambaa laini na maji ya moto na sabuni isiyo na manukato, na pipa likishakuwa na mikwaruzo lifanye la kutunzia maji ya bustani. Kuosha na kuua vijidudu ni kazi mbili, unaosha kwanza uchafu uishe, ndo unaua. Ukimwaga jiki juu ya uchafu umemwaga pesa.

Kutu je? Ladha ya damu mdomoni, ya msumari. Pombe ni asidi, na asidi inakula chuma. Ukitumia pipa la bati au drum la mafuta lililokatwa, unakunywa hilo pipa polepole. Kule Afrika Kusini na Zimbabwe madaktari waligundua zamani watu wenye chuma kingi mno kwenye ini, na wakaona wengi ni wanywaji wa pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye vyombo vya chuma miaka na miaka. Mabati ya kuzuia kutu nayo yana zinki inayoyeyuka hivyohivyo. Sufuria ya kupikia isiyo na kutu, haina shida kwa masaa machache, lakini kulaza pombe kwenye chuma hapana.

Ukakasi, ile mdomo unakauka kama umekula ndizi mbichi, hapa kuna mjadala kati yetu wenyewe wapishi. Wengine wanasema msesewe mwingi ndo mbege. Mimi naona gome likichemshwa muda mrefu sana linatoa ukakasi zaidi ya uchungu, na uchungu ndo tunautaka, kwahiyo mimi natia gome kwa kiasi na nalitoa. Ndizi zilizomenywa vibaya zimeachwa na maganda nazo zinatoa ukakasi. Na kukamua machicha kwa nguvu zote ili upate lita moja zaidi, hiyo lita inaharibu zingine zote.

Yule kijana wangu wa Minneapolis ananiambia kwenye bia ya shayiri wana orodha yao, na nyingine sisi hatunazo. Kuna ladha ya siagi, chachu yenyewe inaitengeneza njiani na baadae inaila tena, kwa hiyo bia ikinuka siagi maana yake mara nyingi umeiharakisha. Wanapandisha joto kidogo mwishoni, siku mbili hivi, chachu imalizie kazi. Na wana kipimo kizuri kabisa cha kujua kama tayari, wanachukua vikombe viwili vya bia ileile, kimoja wanakifunika na kukiweka kwenye maji ya moto nyuzi 60 hivi nusu saa, kinapozwa, wananusa vyote viwili, kile cha moto kikinuka siagi na kingine hakinuki basi bado, siagi imejificha ndani. Kuna ladha ya tufaa bichi, hiyo ni bia changa. Kuna ladha ya mahindi ya kuchemsha, hiyo inatoka kwenye kimea cha shayiri na inatoka kwa mvuke, kwahiyo ukichemsha na mfuniko umeirudishia ndani. Wanachemsha saa moja au zaidi sufuria ikiwa wazi. Na kuna bia inayonuka kama kicheche, hiyo ni mwanga wa jua ukipiga hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, kwenye chupa nyeupe au ya kijani, chupa ya kahawia inazuia. Mbege haina hopsi kwahiyo hilo halituhusu, lakini yai viza linatuhusu, chachu ikikosa lishe au ikisumbuliwa inatoa harufu ya yai viza, na hiyo mara nyingi inaondoka yenyewe ukiipa muda, usimwage haraka.

Sasa unapataje chanzo chako wewe? Hapa ndo pana kazi na ndo wengi tunakosea, tunabadilisha vitu vitano kwa mara moja, mbege ikitoka nzuri hatujui kipi kimesaidia, ikitoka mbaya hatujui kipi kimeharibu. Badilisha kimoja. Pika mchanganyiko wako kama kawaida alafu ugawe kwenye ndoo mbili ndogo, moja tia maji ya bomba kama ulivyozoea nyingine maji yaliyochemshwa, mengine yote yafanane, kesho onja. Wiki nyingine gawa tena, moja kwenye ndoo mpya nyingine kwenye pipa lako la zamani. Na onja kila hatua, onja maji matupu, onja maji ya ndizi kabla ya kuchanganya, onja uji, kwa sababu ladha ikishaonekana kwenye uji usipoteze muda kulaumu pipa. Andika kwenye daftari tarehe, ndizi umetoa wapi, kulikuwa na mvua au jua, ililala masaa mangapi. Na usionje peke yako, mpe mtu vikombe vitatu, viwili vya ndoo moja na kimoja cha ndoo nyingine, usimwambie, aseme kipi ni tofauti. Asipoweza kukitambua basi tofauti unayoisikia wewe iko kichwani. Hii njia ya vikombe vitatu viwanda vikubwa vinaitumia mpaka leo.

Na hao wakubwa nao walipitia haya haya, wasomaji wasidhani ni shida ya watu maskini. Louis Pasteur, yule Mfaransa wa chanjo ya kichaa cha mbwa, miaka ya 1870 alichukua darubini akaangalia bia mbovu na bia nzuri, akaonyesha kwamba kila ubovu wa bia una vijidudu vyake ambavyo kwenye bia nzuri havipo. Mwaka 1883 kiwanda cha Carlsberg Copenhagen bia yao ilikuwa inatoka na uchungu mbaya na harufu, kiwanda kikubwa hicho kina maabara, na mtaalamu wao Emil Christian Hansen akakuta chachu yao imechanganyika na chachu ya porini, akatenga chembe moja safi akaiotesha, bia ikapona. Na hawakuificha, waliwagawia wapishi wengine hiyo chachu. Hilo ndo ninaloliheshimu, waligawa.

Sisi hatugawi. Pombe ya nyumbani kwetu ni kitu cha aibu au cha kukimbizana na mgambo, kwahiyo mama anayejua hasemi na asiyejua haulizi. Uingereza kupika bia nyumbani bila leseni kuliruhusiwa 1963, Marekani Rais Carter alisaini sheria 1978, na baada ya hapo watu wakaanza kuulizana wazi, bia yangu inanuka hivi nifanyeje, mpaka wakajua. Sisemi sheria zetu ziwe kama zao, nasema kuuliza kusiwe aibu.

Nigusie na kuficha. Wapo wanaotia sukari ili siki isisikike, ila chachu inaila ile sukari usiku uleule na asubuhi siki iko palepale na dumu limevimba linataka kupasuka. Wapo wanaotia magadi kuua uchachu, inakuwa na chumvichumvi na ladha ya sabuni. Na wapo wanaoongeza gongo au spiriti za kununua kichochoroni ili ionekane kali, hao ndo nawaomba kwa machozi waache. Pombe iliyochachuka tu, kama mbege au busaa, methanoli yake, kile kileo chenye sumu, ni kidogo sana, wale mnaosikia wamepofuka na kufa mara nyingi wamekunywa iliyokenekwa au kuchanganywa na spiriti za viwandani. Na methanoli ulimi haukuambii kitu, kwahiyo hayo yote niliyoandika hapa kuhusu kuonja hayafai kwa pombe ambayo hujui kilichotiwa ndani. Hiyo usionje.

Mhariri, ombi langu ni moja. Mna ukurasa wa kilimo kila wiki, mnaandika magonjwa ya nyanya na chanjo za kuku, vizuri sana. Tupeni hata robo ukurasa ya wapika pombe, mwalikeni mtaalamu wa vyakula kutoka SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, ajibu maswali, watu watume dalili, mbege yangu ina ladha hii, nimefanya hivi na hivi, ajibiwe. Huko vijijini kuna watoto wamesoma kwa pesa ya mbege, hii ni kazi kama kazi nyingine.

Na kabla sijamaliza, kuna mama aliniuliza sokoni kama kimea chake kilichoingia ukungu anaweza angalau kuwapa ng'ombe, maana machicha tunawapa siku zote. Mama, wala usiwape. Sumukuvu inapita mwilini kwa ng'ombe inatokea kwenye maziwa, na hayo maziwa wanakunywa watoto wako. Chimba shimo mbali na kuku, kifukie.

Msomaji wenu,
Mpika mbege, Moshi